Panya Ana Mlaji Wake

Panya wa kijiji cha Kiegei hawakuwa na adabu. Walikula sabuni ya Mwalimu Dafrosa, wakala kamba za viatu vyake, wakala na pembe ya godoro, naye akavumilia kwa kuwa nyumba haikuwa yake. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa saba alivuta boksi chini ya kitanda akakuta mitihani ya darasa la sita imekuwa chengachenga. Watoto arobaini na watatu hawana alama hata moja, na mkaguzi anakuja Jumatano. Uvumilivu ukamwishia palepale, amepiga magoti sakafuni.

Chumba alikuwa amepanga kwa Bi Semeni, mjane wa Kimwera wa miaka sabini na kitu, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na ghala la miti uani. Dafrosa ni mtu wa Bukoba. Serikali ndiyo iliyomleta huku kusini kufundisha sayansi shule ya msingi, lakini aliyemfanya akae ni Bi Semeni. Mwaka wa kwanza alipougua malaria, bibi yule ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko, na tangu hapo akawa anamwita mwanangu bila kuomba ruhusa kwa mtu.

"Bibi, tuweke sumu," Dafrosa alimwambia asubuhi ile, makaratasi yakiwa mkononi.

Bi Semeni alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua hata uso. "Sumu kwangu haiingii."

"Watatumaliza."

"Hawajatumaliza miaka yote hii. Panya ana mlaji wake, mwanangu. Ukimwekea sumu, umeshamwekea na huyo anayemla. Weka mtego."

Dafrosa aliitikia ndiyo Bibi, kwa heshima zote, na moyoni akasema huyu mzee hajui. Yeye ndiye mwenye cheti. Yeye ndiye anayechora ubaoni mishale ya nani anamla nani, kila mwaka, kwa chaki za rangi.

Jumamosi alipanda bodaboda kwenda Nachingwea mjini kutoa nakala nyingine ya mitihani. Pale sokoni kulikuwa na muuza dawa, kipaza sauti amekifunga kwenye baiskeli, sauti imerekodiwa inajirudia kama kasuku: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, panya anakula leo, anakufa keshokutwa, haozi, hanuki. Dafrosa alimpita mara mbili. Mara ya tatu alinunua pakiti mbili, akazisokomeza katikati ya makaratasi ya mtihani. Jioni Bi Semeni alipokwenda msibani kwa jirani, yeye akachanganya ile dawa na dagaa na pumba, akatambaa nyuma ya magunia ya ufuta, mahali ambapo kuku hafiki, akaimwaga. Kisha akanawa mikono mara tatu. Anayefanya jema hanawi mikono mara tatu, na yeye alilijua hilo wakati maji yanamwagika.

Sasa lazima nimseme Mzee Uwesu, maana bila yeye kisa hiki kingeishia kwa panya.

Uwesu alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kimetazamana na nyumba ya Bi Semeni, barabara tu katikati. Yeye Myao, Bi Semeni Mmwera, watani, na utani wao ulikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya watu wa pale kijijini. Kila jioni alivuka barabara kuja kutukanwa. Wageni waliowasikia kwa mara ya kwanza walitafuta mwenyekiti wa kijiji aje awaamulie. Na Dafrosa naye hakusalimika.

"Mhaya!" Uwesu alikuwa anaita kutoka barabarani. "Senene wamefika? Mtu mzima na shahada yako unakula panzi, halafu unawafundisha watoto wetu!"

Dafrosa hakuwa na shahada, alikuwa na cheti, lakini alicheka kila mara. Mtu wa mbali akitaniwa anajua amepata kwao.

Wiki ile ile ya sumu, jioni, wanawake wanne walikuwa uani kwa Bi Semeni wanabangua karanga, na bundi akalia. Walikuwepo bundi wawili, dume na jike, kwenye shimo la mkorosho mkongwe nyuma ya ghala. Watu walijifanya hawawaoni, kwa sababu bundi si ndege wa kuangaliwa.

"Umemsikia?" akasema Uwesu. "Huyo wangu. Nimemtuma akuchukue. Mwaka huu nakula ubwabwa wa hitima yako, Semeni, na nyama nataka ya mbuzi."

"Utatangulia wewe!" Bi Semeni akamrushia ganda la karanga. "Nami nitashuka kaburini mwako, nilale humo humo. Sitoki mpaka wanao wanipe kuku."

"Kuku gani? Kuku wangu mmoja, tena anaumwa kideri."

Wanawake walicheka mpaka karanga zikamwagika. Dafrosa alicheka kuliko wote.

Panya walianza kuonekana mchana. Walitoka ghalani wanayumba kama walevi wa pombe ya mabibo, wakazunguka uani bila kumwogopa mtu. Siku ya nne mlango wa mbele ulipofunguliwa, bundi mmoja alikuwa amelala kizingitini, mabawa yamekunjuka, damu kidogo puani. Siku ya tano akawa wa pili, palepale uani, bado anapumua. Alikufa Dafrosa akiwa amesimama juu yake na ndoo ya maji.

Alijua. Nalisema hili wazi ili asije mtu akamtetea baadaye. Hakuhitaji kufikiri siku mbili wala kuuliza mtu. Aliona ile damu, akawaona wale panya walevi, mshale ukajichora wenyewe kichwani mwake. Akachukua jembe, akamsaidia Bi Semeni kufukia, na midomo yake ikabaki imefungwa.

Habari ilishafika kisimani kabla udongo haujakauka. Bundi wawili wamekufa mlangoni kwa Semeni, na mwenyewe Uwesu si alisema kawatuma? Mbele ya wanawake wanne? Kwanza waliisema kwa kucheka. Kisha, wiki ya pili, Bi Semeni akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na hakuna aliyecheka tena. Zahanati wakasema presha, moyo umechoka. Watu wakasikia presha kwa sikio moja, na kwa sikio la pili wakasikia bundi.

Dafrosa angeweza kusema siku ile. Kilichomziba mdomo ni unga. Unga waliokuwa wanasonga yeye na Bi Semeni ulitoka ghala lile lile. Alikuwa ameiweka sumu mbali na mahindi, alikumbuka vizuri, alikuwa na hakika. Lakini kila alipoikumbuka, ile hakika ilikuwa imepungua kidogo. Akisema niliweka sumu, watasema ndiyo iliyomlaza bibi, nao wana haki. Basi alikwenda peke yake ghalani, akafagia masalio yote, akachimba shimo refu akayafukia. Hivyo akawa amefukia mara mbili.

Shuleni, ratiba haikumhurumia. Mada ya wiki ilikuwa mnyororo wa chakula. Aliwapanga watoto wanne mbele ya darasa. Wa kwanza alikuwa jua, akapewa ndoo ya maji. Wa pili hindi, wa tatu panya. Wa nne bundi, na aliyejitokeza kuwa bundi alikuwa Raudha, mjukuu wa Mzee Uwesu, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

"Maji haya ni nguvu," Dafrosa alieleza. "Jua linampa hindi vikombe kumi. Hindi linakua, linapumua, linatumia. Mwaga tisa. Limebakiwa na vingapi?"

"Kimoja!"

"Hicho ndicho anachopata panya. Panya naye anakimbia, anazaa, anajipasha joto. Mwaga. Bundi anapata hiki." Akamimina maji kwenye kisoda, akampa Raudha. "Kwa kila kumi, inapita moja tu. Ndiyo maana mahindi ni mengi, panya ni wachache kuliko mahindi, na bundi ni wawili tu."

"Walikuwa wawili," sauti ikatoka nyuma. "Babu yake Raudha kawamaliza!"

Darasa likaangua kicheko. Raudha alisimama na kisoda chake, anakitazama kisimwagike.

"Nyamazeni," Dafrosa akasema. "Kwa hiyo, kwa sababu anapata kidogo, bundi ili aishi inambidi ale panya wengi. Mmoja hamtoshi. Anakula watatu, wanne kwa usiku, na kila panya anakuja na..."

Hakumaliza. Kila panya anakuja na sumu yake. Maji humwagika njiani, jua lote linaishia kisodani, lakini sumu haimwagiki. Inasafiri yote na kujikusanya kwa yule wa mwisho, aliye mchache kuliko wote. Miaka saba amefundisha mada hii, na hakuwahi kujiuliza kitu alichokijua mwanamke aliyeishia darasa la pili, tena akiwa anapepeta mahindi.

"Anakuja na nini, mwalimu?" Raudha akauliza.

"Kaa," alimjibu. "Kaeni wote."

Mwisho wa mwezi Amiri akaja. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Semeni, mfanyabiashara wa ufuta na korosho kule Mbekenyera, mtu mwema na mwenye haraka. Alimbeba mama yake mikononi mpaka kwenye gari la kukodi, halafu akavuka barabara. Uwesu alikuwa ameinuka, anajifuta grisi aje kuaga.

"Mzee, rudi," Amiri akamwambia. "Maneno yako yametosha. Kwangu usikanyage. Na Mungu akimchukua mama, msibani usije."

"Amiri, mimi mtani wake."

"Ndiyo. Utani wako tumeuona."

Uwesu alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Tangu siku hiyo baiskeli zikapungua kibandani. Watu walizikokota mpaka kijiji cha pili, wenye pancha na wenye mnyororo uliokatika, mradi tu zisiguswe na mkono wake. Jioni alikaa kwenye kigoda akaitazama nyumba iliyofungwa ng'ambo ya barabara. Dafrosa alipopita alimwita bado, "Mhaya, senene?" lakini kwa sauti ya mtu anayejaribu kama redio bado inafanya kazi. Mwalimu alijibu haraka na kuingia ndani. Usingizi ulimhama. Chakula kilimshinda. Alijiona mwizi, na mwizi afadhali, maana mwizi aliiba kwa sababu hakuwa nacho.

Mwezi wa nane alikwenda kumwona bibi. Alipanda basi dogo kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Mbekenyera, na njia nzima alikariri: bundi niliwaua mimi, niliweka sumu. Maneno matano, sita. Si mengi.

Bi Semeni alikuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, mito mitatu mgongoni ili apate pumzi. Amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Mtani wangu mzima?"

"Mzima, Bibi."

"Mwambie aje anitukane. Tangu niletwe hapa kila mtu ananionea huruma. Huruma inachosha, mwanangu."

"Mama, hayo tuliyamaliza," Amiri akasema kutoka mlangoni.

"Hujayamaliza wewe. Bundi akifa, kala kitu. Namwambia huyu hataki kusikia, anasema namtetea mchawi." Bibi alipumzika kidogo, akavuta hewa. Kisha akamgeukia Dafrosa. "Wewe umesoma. Mwambie ndugu yako huyu. Bundi hufa kwa nini?"

Amiri naye akamtazama. Hakutazama kwa ubishi. Alikuwa anataka kuambiwa, mtu yeyote angeliona hilo usoni mwake. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, umeshikiliwa na mikono miwili, kilichobaki ni kupita.

"Inategemea, Bibi," Dafrosa akasema.

"Inategemea nini?"

"Mambo mengi."

Bi Semeni akafumba macho. "Haya," akasema. Amiri akatoka nje kuzungumza na simu.

Siku ya nane baada ya hapo Bi Semeni alikufa.

Walimrudisha Kiegei, azikwe karibu na mumewe. Turubai lilifungwa uani, wanawake wakakaa ndani na jikoni, wanaume nje. Msiba ulikuwa mzito, na uzito wake haukuwa wa machozi tu. Hakukuwa na mtani. Hakuna aliyezuia jeneza mlangoni kudai malipo, hakuna aliyevaa kanga ya marehemu akamwigiza anavyotembea, hakuna aliyewafanya wafiwa wacheke kwa sekunde moja wapumue. Wazee walikaa wanaangalia miguu yao. "Kama tunazika mtu asiye na watu," mwanamke mmoja akasema jikoni, na wenzake wakaitikia kwa kuguna.

Ng'ambo ya barabara Mzee Uwesu alikuwa amesimama mbele ya kibanda. Amevaa kanzu nyeupe na kofia safi. Aliambiwa asije, na hakuja. Alisimama tu, mikono nyuma, tangu asubuhi.

Dafrosa alikuwa anachota maji jikoni alipomwona kupitia uwazi wa makuti. Akaiweka kata chini. Alipita katikati ya wanawake, akatoka uani, akaingia chini ya turubai la wanaume, jambo ambalo halifanywi, na kila mtu akageuka kumtazama atakavyoaibika.

"Bundi niliwaua mimi," akasema.

Amiri aliinua kichwa.

"Niliweka sumu ya panya ghalani. Bibi alinikataza, nikaweka kwa siri. Nilichanganya na dagaa."

"Mwalimu, bundi hali dagaa," mzee mmoja akasema kwa upole, kama anayemsaidia mgonjwa.

"Hali. Anakula panya aliyekula dagaa. Sumu ilitoka kwangu ikaingia kwa panya, ikatoka kwa panya ikaingia kwa bundi. Mzee Uwesu hakutuma kitu. Alitania." Akamgeukia Amiri. "Na kama iliingia kwenye unga, sijui. Naapa sijui. Niliiweka mbali."

Kuku alipita katikati ya viatu.

"Mama alikuuliza," Amiri akasema taratibu. "Nilikuwepo. Alikuuliza bundi hufa kwa nini."

"Ndiyo."

"Ukasema inategemea."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Amiri alimtazama kwa muda ambao Dafrosa angependa ufutwe katika maisha yake. Hakumtukana. Aliinuka, akatafuta kandambili zake katika lile rundo, akavaa moja yake na moja ya mtu mwingine, akavuka barabara. Walimwona anasimama mbele ya mzee. Walimwona anainama. Kisha wakarudi pamoja, Amiri amemshika mzee mkono, na wanaume wakasogea kuwapisha.

Yaliyotokea makaburini Dafrosa alisimuliwa, kwani wanawake hawaendi. Kaburi lilipokuwa tayari, Uwesu alivua viatu, akashuka ndani na kanzu yake nyeupe, akalala chali, mikono kifuani. Sitoki, akasema. Huyu mama aliniahidi kulala kwangu, kanitangulia kwa ujanja, basi mimi nalala kwake. Nipeni kuku. Shehe aligeuza uso pembeni. Wakamwahidi kuku mmoja, akasema wawili, tena wasiwe na kideri. Amiri ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, na hapo ndipo alipolia. Walimtoa mzee kwa kumvuta mikono miwili. Wakamzika Bi Semeni vizuri, kama mtu mwenye watu.

Amiri hakumfukuza Dafrosa nyumbani. Alisema kodi ni ile ile, na kwamba mama alimpenda. Zahanati nayo haikubadilisha neno lake: presha. Dafrosa aliyapokea yote mawili, na hakuna hata moja lililompunguzia kitu. Panya walirudi, wengi kuliko mwanzo, kwani sasa hapakuwa na wa kuwala. Aliweka mitego. Kila asubuhi alitoa watatu, wanne, akawafukia nyuma ya ghala karibu na ule mkorosho, na shimo la mkorosho likabaki tupu.

Baiskeli zilirudi kibandani kwa Uwesu. Utani wake nao ulirudi. Alimtania Amiri kwa zile kandambili, alimtania shehe, aliwatania hata wale waliokokota baiskeli mpaka kijiji cha pili. Dafrosa alipopita, aliinuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mzee."

"Alhamdulillahi."

Ni hayo tu, kila siku. Hakuwahi kumnunia, wala hakumsema kwa watu. Alimpa heshima ambayo hakuwahi kumpa kabla, ile wanayopewa wageni.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Dafrosa alimtumia kifurushi kutoka Bukoba, kikapita mabasi matatu. Senene, wamekaangwa vizuri, wananukia. Dafrosa hakuonja hata mmoja. Alifunga nusu kwenye karatasi safi, akavuka barabara. Mzee alikuwa ameegemeza baiskeli kichwa chini, anazungusha gurudumu.

"Mzee, senene wamefika," akasema, na akajaribu kutabasamu.

Uwesu alisimamisha gurudumu. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akakipokea kile kifurushi kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, Mwalimu," akasema. "Mungu akubariki."

Akakiweka juu ya rafu, pembeni ya kopo la solusheni ya kuzibia pancha, akarudi kwenye gurudumu lake.